Banda la okidi lijengwe kwa miti ya mashambani, si kwa boriti za mikoko

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie mabanda ya mbao ambayo watu wenye bustani hapa Malindi wanapenda kuyajenga kwa ajili ya kukuza okidi na kupunga upepo jioni. Ni jambo jema, kwa kuwa joto letu na unyevu wa bahari vinayafaa maua haya, wala mtu hahitaji nyumba ya vioo na mitambo ya kupasha joto kama ilivyo Ulaya. Mimi ni seremala, na kila ninapoitwa kutengeneza banda la namna hii husikitika kuona limesimamishwa kwa boriti za mikoko na mbao za mbambakofi, tena kwa ramani isiyoufaa mmea wenyewe, hata msitu ukapungukiwa na mwenye bustani asipate maua.

Kosa kubwa liko kwenye paa. Okidi nyingi zinazostahimili joto la pwani, kama Vanda, Dendrobium na Phalaenopsis, kwa asili huota juu ya miti, mizizi yake ikishika gome au kuning'inia hewani, na mwanga unaozifikia ni ule uliochujwa na majani. Banda likiezekwa lote kwa makuti, kama tunavyoezeka nyumba, chini huwa giza. Majani hukoza rangi ya kijani na kumfurahisha mwenyewe, lakini ua halitoki mwaka nenda mwaka rudi. Likiachwa wazi, jua la Januari huyababua majani. Kinachotakiwa ni paa la fito au mbao nyembamba zilizoachiwa nafasi, na jambo ambalo mafundi wengi hawalitilii maanani ni kwamba mbao hizo zilazwe kutoka kaskazini kwenda kusini. Jua linapotoka mashariki kwenda magharibi, kivuli cha kila ubao nacho husogea, na hakuna jani linalokaa juani muda mrefu bila kupumzika. Zikilazwa kutoka mashariki kwenda magharibi, mistari ya jua hubaki karibu palepale kutwa, na baada ya muda huonekana michirizi ya kuungua juu ya majani. Ubao wa upana wa sentimita 5 ukiachiwa nafasi ya sentimita 5 hutoa kivuli cha nusu, ambacho Vanda na Dendrobium hukipenda. Nafasi ikipunguzwa ikawa sentimita 2.5, kivuli hufikia theluthi mbili, na hapo Phalaenopsis huridhika. Tena, kwa kuwa Malindi iko takriban digrii 3 kusini mwa ikweta, jua la mchana huegemea kaskazini mwezi wa Juni na kusini mwezi wa Desemba, kwa hiyo ni lazima fito zishuke kidogo pande zote mbili ili kuzuia jua la ubavuni. Makuti yana nafasi yake, nayo ni pale wanapokaa watu: sehemu moja ya banda iezekwe, kwa mwinamo wa kama digrii 45 ili maji ya masika yateremke upesi na makuti yasioze kabla ya wakati.

Sasa nije kwenye mti wenyewe. Kaunti ya Lamu peke yake ina kiasi cha asilimia 60 ya mikoko yote ya Kenya, na boriti za mkoko na mkandaa ndizo zilizobeba dari za nyumba za mawe za Lamu kwa karne nyingi, hata upana wa vyumba ukafuata urefu wa boriti. Siwezi kuudharau mti huo. Lakini mikoko ndiyo inayoshika tope, ndiyo inayolea samaki na kaa wachanga na kuvunja nguvu za mawimbi, na kama kuna mtu mwenye haki ya kukata boriti chache kwa kibali, basi ni yule anayejenga nyumba ya kulala watoto wake, si mimi ninayetaka mahali pa kutundikia vyungu vya maua. Mbambakofi nao, ambao ni miongoni mwa miti ya asili ya msitu wa Arabuko-Sokoke jirani yetu, hukua polepole mno, na anayeukata leo hatauona mwingine wa unene huo katika maisha yake.

Badala yake tuna mvinje, ambao wakulima wa pwani huupanda mashambani na kuuvuna kwa nguzo baada ya miaka michache tu. Ni mti mzito, ulionyooka, na bei yake haimuumizi mtu wa kawaida. Tuna pia minazi mizee iliyokwisha kuzaa: sehemu ya chini ya shina, upande wa nje, ni ngumu na hufaa kwa sakafu na mihimili midogo, ingawa ule moyo wake laini lazima uondolewe kwa sababu huoza haraka. Udhaifu wa mvinje ni mchwa na unyevu wa ardhini, na dawa ya kwanza si sumu bali ni ujenzi. Nguzo isifukiwe, isimamishwe juu ya jiwe au zege lililoinuka sentimita 30 hivi, ili njia za udongo za mchwa zionekane na kubomolewa, na paa litokeze nje kiasi cha kuzuia mvua isipige miguu ya nguzo. Mafuta ya maganda ya korosho yakipakwa kwenye ncha za mbao husaidia sana, lakini huunguza ngozi, kwa hiyo fundi avae glavu. Mbao zilizotiwa dawa yenye shaba au kupakwa lami zisifungiwe okidi moja kwa moja, kwa maana mizizi inayonyonya maji juu ya mbao hizo hunyonya na sumu yake.

Upepo wa chumvi hula misumari ya kawaida kwa kasi ya kushangaza, na kutu ikiingia kwenye mbao nayo huzilegeza. Viungo vya ulimi na tundu vilivyokazwa kwa vijiti vya mti mgumu, na fito zilizofungwa kwa kamba za makumbi, hudumu vizuri na hukazwa upya bila kuharibu chochote. Wazee wa visiwa vya Lamu walishona mitepe yao kwa kamba hizo na kuvuka nayo bahari. Banda la mita 3 kwa 4 lenye nguzo sita linaweza kukamilika bila msumari hata mmoja. Upande wa kusini mashariki uwekwe ua wa makuti wa kupunguza makali ya kusi, na pande nyingine ziachwe wazi, kwa sababu okidi hutaka hewa inayotembea, lakini si dhoruba.

Maji ndiyo yanayowakatisha tamaa wengi. Visima vingi vilivyo karibu na bahari vina chumvi, na ncha za majani zikianza kukauka na kuwa nyeusi, aghalabu chumvi ndiyo sababu. Paa la fito haliwezi kukusanya maji ya mvua, na maji ya makuti huwa na rangi, kwa hiyo ni bora kuyakinga kwenye mabati ya jiko au ghala lililo karibu: mita 12 za mraba zikipata mvua ya milimita 30 hutoa lita 360 hivi. Kumwagilia kufanyike asubuhi ili majani yakauke kabla ya usiku. Ndani ya chungu pasitiwe kokoto za matumbawe, ambazo zina chokaa. Zifaazo ni mkaa na vipande vya makumbi yaliyolowekwa na kubadilishwa maji mara kadhaa mpaka chumvi itoke.

Lipo jambo moja zaidi linaloniuma. Baadhi ya watu wakishajenga banda huwatuma vijana wakawabandulie okidi msituni, hasa ile ya manjano yenye madoa ya kahawia, Ansellia africana, inayoota juu ya mikoma na miti mikubwa ya pwani. Okidi hiyo imekwisha kuhesabiwa miongoni mwa mimea iliyo hatarini, na mkataba wa CITES unadhibiti biashara ya kimataifa ya okidi zote. Fungu kubwa la mizizi lililochukua miaka mingi kukua likibanduliwa, mara nyingi hufa kabla ya kushika mahali papya. Mnunuzi amuulize muuzaji mmea ulizalishwa kitalu gani, na asiporidhika na jibu asinunue.

Naiomba serikali ya Kaunti ya Kilifi iwatake wauza mbao waandike mahali mbao zao zilikotoka, na vyuo vya ufundi vya Malindi viwape wanafunzi wa useremala kazi ya kujenga banda moja la mvinje mahali ambapo wananchi wanaweza kuingia, kulipima na kuliiga.

Wako mwaminifu,
Fundi seremala,
Malindi