Tukitaka kupunguza methani, tuanze na ndama

Ndugu Mhariri,

Kila yanapozungumzwa mabadiliko ya tabianchi na ufugaji, macho yote huelekezwa kwa ng'ombe anayekamuliwa: alishwe nini na aongezewe nini ili apunguze gesi ya methani anayoitoa kwa mbweu. Ndama hatajwi. Mimi ni mfugaji mdogo wa ng'ombe wa maziwa wilayani Rungwe, nami naomba hesabu hiyo ianzie kwake.

Ndama anapozaliwa, tumbo lake la kucheulia huwa bado dogo na halijaanza kazi. Maziwa hulipita yakaenda moja kwa moja kwenye tumbo la nne, la mwisho kati ya matumbo manne ya ng'ombe. Linalolikuza ni chakula cha nafaka, ambacho kikichachuka humo huzalisha asidi zinazootesha vinyama vya kufyonza lishe. Majuma hayohayo ya mwanzo ndipo vijidudu vinapolihamia, vikiwemo vile vinavyotengeneza methani. Watafiti nchini Ufaransa walieleza mwaka 2021 kwamba ndama waliopewa kemikali ya kuzuia methani iitwayo 3-NOP tangu kuzaliwa hadi wiki ya 14 waliendelea kutoa methani kidogo kuliko wenzao hata walipofikia umri wa mwaka mmoja, ingawa walikuwa wamekwisha kuachishwa kemikali hiyo.

Sisi wa huku hatuhitaji kuisubiri kemikali hiyo. Nimelea mitamba wawili wa mama mmoja. Wa kwanza nilimwachia chuchu moja baada ya kukamua, kwa sababu lita mbili za asubuhi ndizo zilizokuwa ada ya shule. Akadumaa, manyoya yakamsimama, tumbo likamning'inia, na akazaa akiwa na miezi 40. Wa pili alipata dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama yake, kabla ya saa sita kupita tangu azaliwe, kisha lita nne za maziwa kwa siku. Nilimfundisha kunywa kwenye ndoo kwa kutumbukiza vidole viwili ndani ya maziwa, naye akivinyonya kwa nguvu hadi pua ikazama. Tangu wiki ya pili aliwekewa kiganja cha pumba za mahindi zilizochanganywa na mashudu ya alizeti na madini, pamoja na maji safi, na kiasi kikaongezwa alivyokua. Alizaa akiwa na miezi 27.

Tofauti ni miezi 13, ambayo yule wa kwanza aliitumia kula majani ya Guatemala na kutoa methani bila kutupatia hata kikombe cha maziwa. Sidai kwamba mtamba aliyeshiba hutoa gesi kidogo kwa siku. Huenda akatoa zaidi, kwa kuwa anakula zaidi. Lakini gesi ya maisha yake yote hugawanywa kwa lita nyingi zaidi, na mfugaji anayepata maziwa ya kutosha kwa ng'ombe wawili halazimiki kufuga wanne.

Kwa hiyo naiomba mipango ya tabianchi inayohusu mifugo itenge fungu la chakula cha ndama, na maafisa ugani wanapotembelea mabanda yetu wampime na ndama ukuaji wake kwa utepe, si kuuliza lita za mama yake tu. Navyo vituo vya kukusanyia maziwa vingetukopesha mfuko wa chakula cha ndama siku ng'ombe anapozaa, vikakata deni hilo kidogo kidogo kwenye malipo ya maziwa, ili miezi mitatu ya mwanzo mfugaji asilazimike kuchagua kati ya ndama na ada ya mtoto.

Mfugaji mdogo,
Rungwe, Mbeya