Barua ya wazi kwa Gavana wa Baringo: nakala za tope la Bogoria ziko wapi?

Mheshimiwa Gavana,

Salamu kutoka Marigat. Mimi ni mwalimu wa biolojia katika shule moja ya sekondari hapa, na kila mwaka huwapeleka wanafunzi wa kidato cha tatu kwenye chemchemi za moto za Loburu, ukingoni mwa Ziwa Bogoria. Wanachemsha mayai, wanapiga picha, kisha nawaambia wainame wautazame ule utando wa kijani na wa rangi ya kutu ulioshika mawe pale maji ya moto yanapoteremkia ziwani. Kila mwaka hakosekani wa kuuliza: mwalimu, maji yanayoivisha yai yatakuwaje na kitu hai ndani yake? Hilo nalijibu vizuri. Lililonishinda ni la msichana mmoja safari iliyopita. Aliuliza: kama watu wa nje walipata mali katika tope hili, sisi tulibaki na nini?

Nilimzungusha. Nikamwambia tutalizungumza darasani, na darasani nikaanza mada nyingine. Kwa hiyo barua hii ni deni langu kwake, ila sehemu kubwa ya jibu iko mezani kwako.

Kisa chenyewe Mheshimiwa huenda wakijua, lakini wengi watakaosoma barua hii hawakijui. Maji ya kufulia yenye sabuni ya unga ni maji ya magadi. Vimeng'enya, yaani zile protini zinazokatakata vitu vingine, aghalabu huharibika umbo vikitiwa humo na kuacha kazi. Bogoria nayo ina pH, yaani kipimo cha asidi na magadi, ya karibu 10. Bakteria aliyezaliwa humo na kuzaliana humo ana vimeng'enya visivyoshtushwa na magadi. Mwaka 1992 watafiti wakiongozwa na Profesa William Grant wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, walichukua sampuli katika maziwa yetu ya magadi, Bogoria likiwemo. Bakteria wakafika kwa kampuni ya Genencor ya California, na vimeng'enya vyao vikaingia sokoni. Katika sabuni, kazi ya vimeng'enya hivyo ni kunyoa vile vinyweleo vinavyotuna juu ya nguo ya pamba, rangi ionekane mpya tena. Katika viwanda vya jinzi vilichukua nafasi ya mawe. Zamani jinzi ikitakiwa ionekane imechakaa ilifuliwa pamoja na mawe ya volkeno, nayo yaliikwangua nguo na kuikwangua mashine vilevile. Kimeng'enya hutafuna juujuu ya uzi, pale rangi ya bluu ilipokaa, na suruali inatoka imepauka pasipo jiwe hata moja. Pengine baadhi ya jinzi hizo zilituzunguka zikarudi Marigat kama mitumba, tukazinunua siku ya soko tukisifu rangi yake.

Mwaka 2004 KWS, shirika la taifa la wanyamapori, ilijitokeza hadharani kudai fungu la Kenya, ikisema haikutoa kibali. Upande wa pili ukasema sampuli zilichukuliwa kwa ruhusa. Miaka mitatu baadaye KWS iliingia mkataba na kampuni ya Novozymes ya Denmark, safari hii kwa maandishi na kwa ahadi ya mgao. Afadhali hivyo.

Hata hivyo, Mheshimiwa, sitaki kuimba wimbo wa kuibiwa. Nimeusikia katika mikutano mingi na kila mara tunarudi nyumbani mikono mitupu. Tope lile peke yake halikuwa na bei. Lilipata bei kwa sababu kuna mtu aliyekaa nalo maabarani miaka, akamtenga bakteria mmoja baada ya mwingine, akamlisha, akampima. Kilichoniuma mimi ni kwamba sampuli iliondoka na huku hakikubaki kichupa cha pili, wala meza ya kukiweka, wala kijana wa Loboi au Kapkuikui aliyefundishwa kukifungua. Pesa tungeweza kuzidai baadaye. Ujuzi hauna madai ya baadaye.

Sasa nikupeleke Perkerra, mwendo mfupi kutoka ziwani, uone kwa nini jambo hili halihusu jinzi peke yake.

Mke wangu ana shamba la mahindi ya mbegu katika skimu ya umwagiliaji ya hapo. Tangu viwavijeshi vamizi walipoingia Kenya mwaka 2017, kila msimu tunanyunyiza. Kiwavi huyu hujichimbia ndani kabisa ya moyo wa mhindi, akajifunika kwa kinyesi chake, na dawa ikapita juu. Mkulima anaongeza dozi. Akiona haijafaa anachanganya dawa mbili, na ikishindikana anachanganya na omo, nimeshuhudia kwa macho yangu. Vijana wanaobeba pampu hawana barakoa. Jioni wanaoga mferejini, mfereji uleule ambao mbuzi wa chini wananywa.

Yupo bakteria anayeua viwavi bila kumdhuru kijana wa pampu. Anaitwa Bacillus thuringiensis, wenyewe humwita Bt. Anapojifungia mbegu yake ili kungoja siku njema, hutengeneza pembeni fuwele ndogo ya protini. Fuwele hiyo mtu akiimeza haimfanyi kitu: tumbo letu ni la asidi, protini inasagwa kama maharagwe, na kuta za utumbo wetu hazina mahali pa kuishika. Kiwavi akiimeza ni habari nyingine. Utumbo wake ni wa magadi, pH yake hufika 10 na hata kupita. Yaani, Mheshimiwa, tumbo la kiwavi ni Bogoria ndogo. Humo fuwele inayeyuka, inashika kuta za utumbo, inazitoboa. Baada ya saa chache anaacha kula, na siku mbili tatu baadaye amekufa. Nyuki akipita hana habari.

Sitii chumvi. Bt ana masharti. Lazima aliwe, hapenyi kwa kugusa kama sumu tulizozoea. Humfaa kiwavi mchanga, akishakuwa mnene amekuponyoka. Jua kali linamwua, na jua la Marigat unalijua, kwa hiyo hunyunyizwa jioni na kuelekezwa ndani ya moyo wa mhindi. Dawa zake zipo nchini, nyingi zikiwa za kuletwa kutoka nje. Niliuliza katika agroveti tatu za hapa. Mwenye duka mmoja tu alizijua, na hakuwa nazo.

Na bakteria huyu alipatikana vipi? Mwaka 1901 Ishiwata Shigetane wa Japani alitazama viwavi wa hariri waliokuwa wakifa ghafla. Mwaka 1911 Ernst Berliner wa Ujerumani alimkuta katika nondo wa unga waliotoka kinu kimoja cha Thüringen, ndipo alipopata jina lake. Mwaka 1976 Yoel Margalit alichota tope katika dimbwi la jangwa la Negev lililojaa mabuu wa mbu waliokufa. Humo akatoka ndugu yake Bt anayeua mabuu wa mbu na wa visubi, aliyekuja kutumika katika mito ya Afrika Magharibi kupambana na upofu wa mtoni. Watu hao watatu walikuta wadudu wamekufa, nao badala ya kuwafagia wakaenda kuuliza kimewaua nini.

Sisi wadudu waliokufa tunao. Nimewafundisha wanafunzi wangu wakipita Perkerra wamtafute kiwavi mweusi aliyelegea, aliyekufa katika shamba ambalo halijanyunyizwa. Huenda kauawa na virusi, huenda na kuvu, huenda na Bt wa hapahapa aliyezoea joto letu. Shuleni hatuna njia ya kujua.

Basi nakuomba hivi. Vibali vya utafiti hutoka Nairobi, kwa NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na NEMA, mamlaka ya mazingira, hilo nalijua. Lakini hifadhi ya Bogoria iko mikononi mwa kaunti, na anayeichota huingilia lango lako. Kanuni za mwaka 2006 za kufikia rasilimali za kijenetiki na kugawana faida zinataka nakala za kila kilichochukuliwa ziwekwe kwa shirika husika la serikali, na Mkenya aweze kuzifikia. Katiba, kifungu cha 69, inaibebesha dola wajibu wa kulinda rasilimali hizo na kuhakikisha mgao wa haki. Sheria imeshalala kitandani, Mheshimiwa, kazi ni kuiamsha. Iandikie NEMA na KWS uombe orodha: tangu 2006 nani amechota nini Bogoria, na nakala ya kila bakteria iko friji gani. Orodha hiyo ibandikwe Kabarnet na Loboi, mahali ambapo mtu asiye na simu ya kisasa anaweza kuisoma. Mtafiti mwingine akija, kaunti isitoe ridhaa mpaka aonyeshe kichupa cha pili kitakaa wapi.

Nami napendekeza mahali. Kituo cha KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, cha Perkerra kiko hapahapa Marigat. Hakihitaji jengo jipya la kukatwa utepe. Chumba kimoja chenye hadubini nzuri, mtungi wa mvuke wa kutakasa vyombo, friji isiyozimika na fundi maabara wawili kinatosha kuanza kupima bakteria dhidi ya viwavi, kwenye vikombe. Atakayefaulu bado atapelekwa Nairobi kuchunguzwa, maana Bt ana jamaa wanaotia sumu chakula, na si kila anayeua kiwavi anafaa kunyunyiziwa chakula cha watu. Taratibu za usajili wa dawa ni ndefu. Lakini jirani zetu Tanzania walifungua kiwanda Kibaha mwaka 2015, kwa teknolojia ya Kuba, kinachokuza bakteria wa kuua mabuu wa mbu, kwa hiyo nikiambiwa ni ndoto nitauliza ni ndoto ya nani.

Chumba hichohicho kitafaa kwa ngozi. Kaunti hii ni ya mbuzi, na viwanda vya ngozi hutoa manyoya kwa chokaa na salfaidi, maji yanayonuka ambayo hayana pa kumwagwa. Vimeng'enya vya bakteria wanaopenda magadi hutoa manyoya pia, kwa uchafu mdogo zaidi. Hilo sitalirefusha, wenye ujuzi wa ngozi walieleze.

Wendorois, jamii ya wenyeji wa Bogoria, wasisahauliwe katika orodha hiyo. Walihamishwa ziwani miaka ya 1970 ili hifadhi ipate nafasi, na uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, uliotangazwa mwaka 2010, ulitaja wazi walipwe mrabaha kutokana na shughuli za kiuchumi za pale. Mimi si Mwendorois, nimekuja huku kwa kazi, lakini siwezi kumfundisha mtoto wao kuhusu bakteria wa babu zake nikaliruka hilo.

Na kuna haraka. Ziwa limepanda. Umeiona barabara ya kwenda Loburu ilivyomezwa, na baadhi ya chemchemi sasa ziko chini ya maji. Heroe wakikosa chakula wanaruka kwenda ziwa jingine na tunawahesabu wakirudi. Utando ulioshika jiwe hauna mbawa. Maji yakizidi kuchujuka kwa mvua na mito, walioishi kwa ukali wa magadi watapungua, na hakuna atakayejua ni nani aliyetoweka kwa sababu hakuna aliyewahi kuandikisha majina yao. Baringo tuliletewa mathenge, ule mti wa miiba, miaka ya 1980 bila kuulizwa, ikawang'oa mbuzi meno, mpaka wenzetu Wailchamus wakampeleka mbuzi kibogoyo mahakamani. Hii ya sasa hata mbuzi wa kupeleka hatutakuwa naye.

Kwenye friji ya maabara yetu, nyuma ya chupa za iodini, kuna vichupa saba vya viwavi weusi kutoka Perkerra. Kila kimoja kina tarehe, namba ya shamba na jina la mwanafunzi aliyekiokota. Kimoja ni cha yule msichana. Ofisi yako ikimpata mtu wa kuvipima, aje siku yoyote ya wiki na kisanduku cha barafu, umeme hapa hukatika sana alasiri.

Wako kwa heshima,
Mwalimu wa biolojia, Marigat