Juma, msimzike Saidi kesho

Juma ndugu yangu, asalaam aleikum. Poleni sana jamani, Mola amrehemu Saidi na ampe mama subira. Nakupigia hushiki, najua simu zinakumiminikia, ndo maana naandika, tafadhali soma yote hata kama umechoka.

Mwanaidi ananambia Mzee Bakari kashapanga mazishi kesho baada ya adhuhuri, na ati polisi wamewaambia kijana alianguka selo akagonga kichwa ukutani, basi, imeisha. Juma, nakuomba, msizike kesho. Msizike mpaka Saidi afanyiwe upasuaji, tena si na daktari yeyote wa zamu, mtafuteni mpasuaji maiti wa serikali, wale waliosomea vifo vyenye kesi.

Unamkumbuka mwalimu Albert Ojwang, Juni 2025? Kakamatwa kwao Homa Bay, kaletwa Nairobi, kesho yake ni maiti. Polisi walisema maneno hayahaya, kajigonga ukutani. Dakta Bernard Midia na wenzake, walikuwa watano, wakaupasua mwili wakatoka wakasema hadharani: mtu akijigonga, damu utaikuta imevilia mbele, kwenye paji, lakini huyu ilikuwa usoni, kando za kichwa na kisogoni, shingo imekabwa, na mwili una majeraha kila mahali. Hadithi ya ukuta ikafa palepale, na askari wakashtakiwa kwa mauaji. Bila wale madaktari angezikwa kama mtu aliyejiua na sisi sote tungeamini. Na Saidi naye wanataka tumwamini ukuta?

Mzee Bakari namheshimu kama baba yangu, na najua maiti kustiriwa haraka ni haki yake. Lakini masheikh wengi wanaruhusu upasuaji pakiwa na shaka ya jinai, mwambie amuulize ustadh Badi. Kazi yenyewe haimalizi hata siku, atashonwa, ataoshwa, atasaliwa kama kawaida. Ila mkishamfukia, kumfukua ni mpaka amri ya korti, na huko chini alama zinapotea. Wewe uko hapo Malindi, uliyaona ya Shakahola 2023, wale waumini wa mhubiri waliofungishwa mpaka kufa wakazikwa msituni, miili zaidi ya 400, Dakta Johansen Oduor na timu yake wanapasua watu waliokwisha kuoza. Na bado walijua nani kafa njaa na nani kanyongwa, hata watoto waliozibwa pumzi. Lakini familia za kwanza kukabidhiwa watu wao ni Machi 2024, karibu mwaka, wanangoja majibu ya DNA. Sisi Saidi wetu tunaye, hajaoza, mbona tumfukie na ushahidi wake?

Sasa sikiza. Mna ruhusa kuleta daktari wenu asimame pale upasuaji ukifanywa, msikubali kuambiwa subirini nje mtaletewa karatasi. Huyo wenu aombe shingo ifunguliwe pia, si kichwa peke yake, na ahakikishe picha zimepigwa na sampuli zimechukuliwa za kupelekwa kwa Mkemia wa Serikali. Nguo alizovaa zisifuliwe! Shangazi Riziki namjua, atataka kuzifua kwa uchungu, mzuieni. Pesa ya daktari isikuumize kichwa, nishaongea na Hassan na wale wa timu tunachanga, huyu ni yuleyule Saidi aliyekuwa akitubebea viatu vya mpira mpaka Gede bila kuulizwa, hatuwezi...

Nakuja na basi la leo usiku. Kabla sijafika nijibu: mwili uko mochari gani, na friji yake inafanya kazi? Nani aliyemwona mzima mara ya mwisho, Kombo ama? Wale waliokuwa naye selo mmepata majina? Kuna yeyote katika familia katia sahihi kitu chochote? Nguo ziko kwa nani? Na mama kala? Nijibu hata saa nane usiku, simu haizimwi.

Rashidi