Barua ya Malalamiko: Ufuta Kwenye Sahani ya Mtoto

Kwa Meneja Mkuu,
Makao Makuu ya Kampuni.

Ndugu Meneja Mkuu,

YAH: MTOTO MWENYE MZIO WA UFUTA KUPEWA CHAKULA CHENYE UFUTA, MEZA NAMBA 11, JUMAMOSI USIKU

Nakuandikia wewe moja kwa moja kwa sababu meneja wa tawi nimeshazungumza naye mara mbili, usiku uleule mezani na tena juzi Jumatatu kwa simu, na mara zote mbili tuliachana kila mtu akiwa na lake.

Jumamosi iliyopita mama yetu alitimiza miaka 70. Mgahawa wenu aliuchagua mwenyewe; tulishakula hapo mara mbili na supu yenu aliisifu mpaka tukachoka kumsikiliza. Siku tano kabla nilipiga simu, nikaweka nafasi ya watu 8 kwa saa moja na nusu usiku, nikaeleza kwamba kati yetu yumo mtoto wa miaka 6 mwenye mzio mkali wa ufuta. Aliyepokea simu alinirudishia maneno yangu yote kuhakikisha ameyapata. Nikakata simu roho yangu imetulia.

Tulipokwisha kukaa, dada yangu, mama wa mtoto, alirudia jambo hilo kwa mhudumu. Aliuliza kama kuku wa kuchoma anayepakwa sosi ana ufuta. "Hakuna," kijana akajibu, swali lenyewe halijaisha. Dada yangu amezoea majibu ya namna hiyo, akamwomba kwa upole aende jikoni akaulize. Kijana akaondoka, akafika kwenye kona ya friji za vinywaji, akasimama kidogo, akarudi. "Nimeuliza, hakuna." Mimi nilikuwa nimekaa nikitazama upande ule. Mlango wa jikoni hakuugusa. Nakiri kosa langu: nilinyamaza, kwa kuwa sikutaka kuanza sherehe ya mama kwa ugomvi.

Sahani ilipoletwa, dada yangu alikata kipande kwenye paja la kuku, akakinusa, akagusisha ncha ya ulimi. Ufuta. Haukuwa wa punje ambazo mtu angeziona na kuziondoa. Ulikuwa umesagwa ukachanganyika na sosi yote. Mtoto alikuwa ameshashika uma.

Meneja wa tawi alikuja na daftari la nafasi mkononi, nadhani kwa nia ya kuonyesha kwamba hatukusema. Akalifungua mbele yetu. Mstari wetu ulikuwapo: watu 8, saa moja na nusu, na mbele yake "mtoto, ufuta HAPANA", umepigiwa mistari miwili kwa chini. Naomba uushike mstari huo, kwa maana ndio uliofanya nikuandikie wewe. Taarifa ilifika kwenye jengo lenu siku tano kabla yetu, ikaandikwa vizuri, kisha ikalala mlangoni. Hakuna karatasi iliyoitoa daftarini na kuipeleka kwa mpishi.

Badala ya kuomba radhi, meneja akasema: "Lakini ni kidogo tu, imo kwenye sosi. Kiasi hicho hakiwezi kumdhuru." Sijui ni mafunzo gani yaliyomfundisha hivyo. Kwa mtu mwenye mzio mkali, kiasi kidogo sana kinatosha kumvimbisha midomo na koo, kumbana pumzi na kuishusha presha yake ya damu ndani ya dakika chache. Dada yangu hutembea na sindano ya adrenalini mkobani kwa ajili hiyo, naye aliitoa akaiweka mezani, pembeni ya chumvi, bila kusema neno. Meneja akachukua sahani akaondoka nayo.

Hazikupita dakika tano akarudi na "kuku mwingine". Ndugu Meneja Mkuu, kuku hachomeki kwa dakika tano. Lilikuwa paja lilelile. Alama ya kisu cha dada yangu ilikuwa palepale alipokata, isipokuwa sasa sosi ilikuwa imesuuzwa na nyama inachuruzika maji. Kuku alikuwa ameogeshwa! Kama dada yangu asingekuwa amemkata, tungemwamini meneja wenu, na mtoto angekula. Nimelifikiria jambo hilo kila siku tangu Jumamosi.

Usiku huo mtoto alikula ndizi mbili zilizokuwa kwenye mkoba wa mama yake. Hata mkate wenu tuliuogopa.

Haya si mambo mapya wala si usumbufu wa mteja mmoja anayedeka. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu Desemba 2014, mgahawa unawajibika kumweleza mteja kama chakula chake kina chochote kati ya vitu 14 vinavyoongoza kwa kuleta mzio, na ufuta ni kimojawapo. Marekani iliuongeza ufuta kwenye orodha yake kwa sheria ya mwaka 2021, ikawa kitu cha 9. Waliotunga sheria hizo waliona tatizo hilihili: ufuta hujificha. Umo kwenye mafuta, kwenye sosi, kwenye unga wa mkate, na anayekula hawezi kuuona. Anayeweza kujua ni yule aliyeutia. Kwa hiyo mteja hana pa kushika ila neno la mhudumu, na neno la mhudumu wenu lilitoka kwenye kona ya friji.

Kuhusu kijana huyo nina ombi, nalo natamani lisomwe kuliko mengine: msimfukuze. Kabla ya yote haya nilimsikia mpishi akimfokea mhudumu mwenzake kwa sauti iliyofika mezani kwetu, eti ameingia jikoni na "maswali ya wateja" wakati wa kazi nyingi. Baada ya hapo nani angeingia tena? Kijana alichagua kusema uongo mdogo kwetu kuliko kutukanwa mbele ya wenzake. Mhudumu anayeweza kusema "sijui, ngoja niulize" akarudi na jibu la kweli hutengenezwa na mgahawa, na ninyi hamjamtengeneza. Huyohuyo, baadaye, ndiye pekee aliyekuja kumwomba mama radhi.

Sasa chakula chenyewe. Sikukusudia kukitaja, lakini meneja aliniambia kwa simu kwamba "ukiondoa lile la mtoto, kila kitu kilikuwa sawa". Hakikuwa sawa. Tulitoa oda saa mbili na dakika kumi, na chakula kikaja saa tatu na nusu, supu na vyakula vikuu kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo waliotaka supu waliinywa huku samaki wao wakipoa. Supu ilikuwa nzuri, hilo sitawanyang'anya.

Samaki, ambao tuliagiza watatu, walikuwa weupe, wamelegea, wanadondosha mafuta. Mpishi wenu anajua, au angepaswa kujua, kwamba ngozi ya samaki hupata rangi na ukakamavu joto la juu yake likipanda hadi kama nyuzi 140 hivi. Akimtia akiwa hajafutwa maji, au mafuta yakiwa bado hayajashika moto, joto la ngozi hukwama kwenye nyuzi 100 hadi maji yote yaishe, na hapo nyama ya ndani imeshakauka. Wale samaki hawakukaangwa, walichemshwa ndani ya mafuta. Na mafuta yenyewe yalikuwa ya siku nyingi, harufu yake ilitangulia sahani.

Wali ulikuja wa vuguvugu. Kaka yangu alisema ni wa jana. Mimi sina ushahidi, na simsingizii mtu. Nasema tu kwamba Shirika la Afya Duniani huwashauri wapishi wasiache chakula kilichopikwa nje kwa zaidi ya saa 2, na kinachosubiri kupakuliwa kikae kwenye joto la zaidi ya nyuzi 60. Ule haukukaribia. Kwa wali hili si suala la ladha peke yake: wapo bakteria ambao mbegu zake hazifi wali ukichemka, na ukiachwa upoe polepole huzaliana na kutoa sumu ambayo kupasha moto tena hakuiondoi. Mtu anayeuza wali kila siku alipaswa kuyajua haya kuliko mimi ninayekuja kuula.

Ningeweza kuyameza hayo. Jiko lina siku zake mbaya, na mimi si mtu wa kurudisha sahani. Nimewahi kula vibaya mahali pengi nikalipa, nikashukuru, nikarudi baada ya mwezi kuwapa nafasi nyingine. Hata wakaguzi wa Michelin, kile kitabu maarufu cha kupima migahawa kwa nyota, wanaokula bila kujitambulisha na kulipa bili zao, miongoni mwa vigezo vyao 5 wanatazama kama chakula ni kilekile leo na kesho, na kwa kigezo hicho migahawa mingi mizuri huanguka. Siwapimi ninyi kwa mizani hiyo. Samaki mbovu ni bahati mbaya. Kuku aliyeoshwa akarudishwa ni uamuzi, na kuna mtu mzima aliyeufanya akijua anachofanya.

Bili ilipokuja, yule kuku alikuwamo. Ada ya huduma ilikuwamo pia. Nililipa vyote kwa sababu mama alikuwa ameanza kuuliza kuna nini, nami nilitaka aondoke pale akicheka.

Juzi kwa simu meneja aliniahidi kadi ya chakula cha bure kwa watu wawili, "ili tuyamalize haya kati yetu na yasisambae". Jana kadi ililetwa nyumbani.

Ninachotaka ni haya. Mnirudishie fedha za kuku na za ada ya huduma. Mnieleze kwa maandishi, ndani ya siku 14, nani aliamua kuku yule asuuzwe na kurudishwa mezani, na amechukuliwa hatua gani. Kila nafasi inayowekwa ikiwa na taarifa ya mzio, iandikwe kwenye karatasi ya oda inayokwenda jikoni, mpishi aisaini kabla hajawasha moto. Na menyu yenu ioneshe vyakula vyote vyenye ufuta, karanga, maziwa, mayai na vinginevyo vya namna hiyo. Kazi hiyo mpishi wenu anaweza kuifanya kwa mchana mmoja akiwa na kalamu. Nisipopata jibu ndani ya muda huo, nakala ya barua hii itakwenda kwa mamlaka inayosimamia usalama wa chakula, pamoja na picha ya ule mstari wa daftari. Niliupiga picha wakati meneja akiwa bado amelishikilia.

Kadi ya chakula cha bure nimeiambatanisha humu. Haijatumika.

Wako,
Mteja wa meza namba 11