Shangazi, wamesema nywele za mwanangu hazikutoka kwangu

Shangazi, shikamoo.

Naandika saa tisa usiku, nimekaa jikoni karibu na moto, miguu nimeifunga blanketi. Huko nyumbani ni saa tano tu, labda hata wewe hujalala. Jana jioni mbingu zilikuwa safi, hakuna wingu, upepo umetulia, na ukiona hivyo mwezi wa nane huku milimani Indonesia basi alfajiri viazi vinaamka vimevaa nyeupe. Wenyewe wanaita embun upas, umande wa sumu. Inabidi mtu awe shambani kabla jua halijatoka, anyunyizie majani maji mpaka ile barafu ioshwe, maana jua likiikuta imeshika, kufika mchana shamba linakuwa kama limepitiwa na moto. Mtu wa kuamka ni mimi. Siku zote ni mimi. Hilo naomba ulikumbuke ukisoma mbele, maana wapo wanaosema mimi ni mwanamume wa kulishwa na mke.

Wamesema nywele za mwanangu hazikutoka kwangu.

Ngoja nianze mwanzo, najua nachanganya. Mimi ni Mshambaa wa Lushoto, upande wa Lukozi. Baridi naijua, viazi navijua, gunia la lumbesa nimelipandisha mlima kabla sijaota ndevu. Kwa hiyo silalamikii hali ya hewa. Nilikwenda Muscat kuendesha gari la familia moja, watu wenye asili ya Unguja, bibi wa nyumba Kiswahili chake kizuri kuliko changu. Msichana wa jikoni ndiye huyu mke wangu. Kiswahili alikiokota kwa yule bibi, mpaka leo akikasirika anasema "ala!" kama mtu wa Mji Mkongwe. Tulioana mwaka 2014 hapa kwao, kijiji cha juu huku Dieng, Jawa ya Kati, mita 2,000 na ushei, mahali ambapo mawingu yako chini yako na wewe ndiye unayeyaangalia. Wenzangu wa Lukozi walinicheka, wakasema nimeolewa. Tulikuwa turudi Muscat. Mwaka uliofuata serikali yao ikafunga njia ya wanawake kwenda kazi za ndani Arabuni, na sisi tukawa tumefungiwa huku juu.

Akiba yangu yote ya Muscat, Shangazi, sikuinywa. Nilinunua shamba. Lakini mgeni hapa haruhusiwi kumiliki ardhi, na wakati ule hata mke aliyeolewa na mgeni bila mkataba wa mali kabla ya ndoa alikuwa hawezi kuandikwa. Baadaye, mwaka 2016, mahakama yao ya katiba ililegeza, mkataba unaweza kuandikwa hata baada ya ndoa, ila sisi tulikuwa tumeshamaliza. Hati ikaandikwa jina la shemeji, mdogo wake mke wangu. Nikasema sawa, ni familia. Nimelima miaka yote hiyo. Nimepanda, nimetandika plastiki nyeusi kwenye matuta, nimebeba mbolea ya kuku inayotoka mabondeni kwa malori, harufu yake hata ukioga inakusindikiza msikitini.

Na viazi vyenyewe vinakwenda kwisha. Wazee wanasimulia viazi vilipoingia kwa nguvu miaka ya 1980 watu walijenga nyumba za vigae, wengine wakaenda Makka kwa mavuno. Sasa mlima umevuliwa nguo, mvua ikinyesha udongo unateremka mtoni, na kila msimu mbolea inaongezeka, dawa zinaongezeka, gunia haliongezeki. Vijana wenye akili wanaendesha nyumba za wageni, maana watalii wanapanda kuangalia mahekalu ya kale na maziwa ya rangi. Watalii wa Jakarta wakiniona shambani wanaomba picha na mimi. Nawapa. Nifanyeje.

Sasa hizo nywele.

Binti yetu alizaliwa mwaka 2016. Nywele zake zilikuwa na mawimbi, laini, kati ya zangu na za mama yake. Alipofika miaka mitatu alishikwa na homa, siku tatu mchana na usiku, kisha ikashuka yenyewe, na baada ya hapo nywele za kisogoni zikaanza kushikana na kujisokota kama kamba. Huku watoto wa hivyo wapo, hata wasio na damu ya Afrika. Wanawaita watoto wa gimbal. Wanasema ni alama ya mzee wao wa kale, Kiai Kolodete, na nywele hizo haziguswi na mkasi mpaka mtoto mwenyewe atake. Siku akitaka, anaulizwa anaomba nini, na anachoomba lazima apewe, kiwe yai kiwe pikipiki. Asipopewa, nywele zitarudi na homa itarudi nazo. Wanamuuliza zaidi ya mara moja, na jibu lisipobadilika ndiyo wanajua ni lenyewe. Zikikatwa zinapelekwa majini.

Mimi tangu mwanzo nimesema hizi ni nywele za mama yangu. Nywele zetu zisipopakwa mafuta zikachanwa na kusukwa, zinashikana, hilo halihitaji mzee wa kale. Angekuwa Lukozi, dada zangu wangemkalisha chini wakambana kwa magoti, angelia kidogo, yangekwisha. Huku nani amsuke? Mimi nilikuwa shambani. Mama mkwe aliogopa kuchana kwa sababu mtoto analia. Simlaumu. Namlaumu kidogo.

Lakini nisikufiche, kuna usiku nakaa nazitazama akiwa amelala. Ni za kisogoni tu. Za mbele ni zilezile laini. Na zilikuja baada ya homa. Sijui.

Mwezi uliopita wageni walikuja, jamaa wa mbali, wakauliza kuhusu mtoto, mmoja akanielekezea mimi kidevu akacheka, kama kusema sababu si ile pale imekaa? Mama mkwe akajibu, tena kwa ile lugha yao ya adabu ambayo mimi siiwezi vizuri (Kijawa kina ngazi, kuna cha wakubwa na kuna cha wenzio, na mimi nilijifunza cha shambani, nikiongea na wazee watoto wanaziba midomo). Akasema hizi hazikutoka kwa baba yake, hizi ni za hapa. Watu wote wakafurahi. Wakampapasa mtoto kichwa. Mke wangu aliponiona nimenyamaza akaninong'oneza, "Amesema vizuri, Mas, maana yake mtoto ni wetu." (Mas ndivyo mke huku anavyomwita mumewe.)

Wetu. Shamba ni la shemeji. Nyumba ni ya mama mkwe. Kibali changu cha kukaa nchini mke ndiye mdhamini, kila kikiisha yeye ndiye anayeniwekea saini. Kitu kimoja tu nilichokuja nacho kutoka kwetu ambacho hakihitaji hati, ni nywele.

Na mama mkwe si mtu mbaya. Mwaka 1979 alikuwa binti mdogo hewa ya sumu ilipotoka kwenye kreta ya Sinila, shimo la volkano, watu 149 wakafa, wengi njiani wakikimbia. Nduguye mmoja alikuwa kati yao. Mtu aliyeona hayo, ukimwambia dalili fulani ni upuuzi, atakuangalia hivihivi tu. Mimi nikiumwa yeye ndiye anayenichemshia tangawizi. Lakini alisema vile mbele ya watu.

Jambo lenyewe ni kwamba mke wangu anataka kwenda Taiwan kulea wazee. Mkataba miaka mitatu. Ameshachukua fomu, mwezi wa kumi anatakiwa kwenye nyumba ya mafunzo kujifunza Kichina. Anasema miaka mitatu tu, tutajenga, tutafungua vyumba vya wageni, mtoto atasoma sekondari ya mjini Wonosobo asiishie kwenye viazi. Nimemhesabia wanawake wa kijiji hiki waliosema mitatu. Nyumba zao nzuri, vigae mpaka ukutani, ndani yumo bibi na mjukuu na televisheni. Yeye akanijibu, na wewe ulipokwenda Muscat ulimwambia mama yako mingapi? Hapo alinipiga pabaya. Niliaga miaka miwili. Baba alizikwa sipo.

Na pesa ya kuanzia imetoka wapi? Hati ya shamba. Walikaa bila mimi, mama, shemeji na mke wangu, wakakubaliana hati iwekwe rehani. Nilisikia dukani nikinunua sigara. Mwenye duka alidhani najua, akanipongeza.

Nikauliza nyumbani kwa nini sikuitwa. Shemeji akasema, kwa upole kabisa, hakuna mtu mkali hapa, na hicho ndicho kinachoniua, akasema, "Tulijua utakuwa na mawazo." Basi.

Sasa nikuambie nililofanya, na naomba usinihukumu kabla hujamaliza kusoma.

Mtoto ametimiza miaka minane na wiki tatu zilizopita amesema anataka nywele zikatwe, shuleni wanamvuta. Nyumba nzima ikachangamka. Bibi yake akamuuliza anataka nini, akasema mbuzi. Mbuzi mweupe. Kila mtu akacheka, mbuzi si kitu. Usiku ule nilimlaza mimi. Tunaongea Kiswahili tukiwa wawili, ni mchezo wetu, tunatafuta maneno yanayofanana na ya kwao, meza wanaita meja, sabuni wanaita sabun, bendera ni bendera kabisa, anapenda sana hiyo ya bendera. Nikamwambia, mbuzi anakufa. Fikiri kitu ambacho hakifi. Akanyamaza. Nikamwambia, fikiri kitu ambacho kikiondoka utalia. Shangazi, naapa sikumtajia mama yake. Akasema, "Mama asiende."

Nikamwambia usimwambie mtu kwanza. Akaniuliza kwa nini. Nikashindwa kumjibu, nikazima taa.

Juzi bibi yake kamuuliza tena. Mtoto akanitazama mimi kwanza. Kisha akasema mbuzi. Lakini alinitazama, na mke wangu aliona kwamba amenitazama. Tangu hapo hatujasemeshana sawasawa, mimi na mke, tunapitishiana chumvi.

Alhamisi usiku watamuuliza mara ya mwisho mbele ya wazee, na hapo jibu likitoka limetoka. Akisema mama asiende, hakuna atakayethubutu kumpeleka Taiwan, si mama mkwe, si shemeji, hata yule wakala wa mjini atarudisha fomu, wanaziheshimu mno nywele hizi. Neno moja tu la mtoto. Na mimi ambaye siku zote nimesema ni nywele za mama yangu na hakuna kingine, nitakuwa nimekaa pale kwenye mkeka nikiomba ziwe za mzee wao.

Ninachouliza ni hiki: nimwambie mtoto yuko huru kusema lile la kwanza? Au ninyamaze aombe mbuzi wake? Je, hilo neno ni lake au ni langu? Mimi nililisikia kwa sauti yake, lakini nililichimba mimi. Na akilisema, mama yake akabaki, shamba likaendelea kuchoka, mtoto akafika darasa la sita akaambiwa hakuna ada ya mjini, atakuja kunilaumu mimi au nywele?

Mke wangu si mwanamke wa tamaa. Ukiandika jibu usimtukane. Anachotaka ni mtoto asome. Nami nataka hilohilo. Sitaki tu aende. Na pengine nisingejali sana kama wangeniita siku ile, wakaniuliza, hata kama wangekataa mawazo yangu, mtu anakaa kwenye mkeka na wenzake wanamwambia hapana. Lakini kusikia dukani.

Kama unamfahamu mtu anayejua nauli ya ndege kutoka Jakarta mpaka Dar kwa mtu mzima mmoja na mtoto wa miaka minane, nisaidie. Sisemi naondoka. Naulizia tu. Mama yangu hajawahi kumshika huyu mtoto, amemwona kwenye simu, na kitu cha kwanza alichosema, kabla hata ya kumsalimia, ni "Nani anamsuka huyo?"

Usiweke jina langu, ingawa kwa niliyoyaandika mtu wa Lukozi atanijua. Nijibu kabla ya Alhamisi. Sasa imefika saa kumi kasoro, nimetoka nje kidogo kushika ukingo wa ndoo, maji yameanza kufanya ngozi juu. Mtoto amekohoa chumbani. Naenda kuwasha pampu.

Mimi mkwe wa watu,
Dieng