Salamu za shukrani kwa wote mlomchangia mzee wetu operesheni ya mgongo

Assalaam alaykum ndugu, jamaa na majirani wa Wete na Unguja, na nyie mlioko Dar na Muscat. Mzee karudi. Juzi kashuka boti pale Mkoani kwa miguu yake, kashikwa mkono mmoja tu, na sisi tulokuwa gatini tukalia bila haya.

Kwa wasojua ilivyoanza, mzee alikuwa akilalamika kiuno tokea msimu wa karafuu, na kila mtu na lake, mara baridi, mara kajitegua mtini, sindano za maumivu kachomwa hazina hesabu, wapi hatupataji, yashapita. Tulishtuka siku ile katoka msikitini ndara moja imemvuka njiani na yeye hana habari, mguu ushakufa ganzi, na usiku wake mkojo ukafunga. Hapo ndo tukakuombeni, na siku mbili hazikwisha nauli na pesa ya MRI (ile picha ya kuonesha ndani ya mgongo) zishatimia.

Kufika MOI, ile taasisi ya mifupa pale Muhimbili, picha ikaonesha kitu kimekaa ndani kabisa ya ule mfuko wa mishipa ya fahamu, tukaambiwa huenda uvimbe. Bimkubwa alikaa kwenye benchi hakusema neno mpaka laasiri. Ikarudiwa picha kwa dawa ya kutiwa mshipani, kile kitu kikawaka pembezoni tu kama pete, daktari akasema hii yaweza kuwa diski (ule mto laini unokaa baina ya pingili za mgongo), ila uhakika mpaka tufungue. Na kweli, kipande cha diski baina ya pingili ya 4 na ya 5 ya kiuno kimetoboa utando wa ule mfuko kikazama ndani. Diski nyingi zikichomoka hubana kwa nje tu, hizi za kuingia ndani hazifiki moja katika mia (kijana wetu anaesomea udaktari anasema wa mwanzo kuiandika ni Dandy, Mmarekani, 1942, siku hizi hana hadithi nyengine). Wakapasua utando, wakakitoa, wakashona kwa uzi mwembamba, mzee akalazwa hakuna kuinua kichwa maji ya uti yasije kuvuja. Siku ya 6 mpira wa mkojo ukatolewa, na alipokwenda haja mwenyewe tulipigiana simu utasema kuna harusi.

Ahsanteni sana, madaktari na manesi, vijana wa maskani mlozunguka na daftari, kina mama wa kisomo, na yule mtoto wa skuli alotoa shilingi 500 yake ya maandazi. Daftari lipo, anaetaka kuangalia aje. Ilobaki inaenda kwenye mazoezi ya mguu, kidole gumba bado kizito.

Kumtizama njooni, ila msimkalishe sana, na akikuambieni keshapona anataka kupanda mkarafuu msimsikilize.

Na chupa ya chai ya buluu ilokuja na uji hospitali, mwenyewe hatumjui, ipo kwetu imeoshwa, aje aichukue.