Baba, usiache kunionya

Bielefeld, Ujerumani
Jumapili usiku

Mpendwa Baba,

Shikamoo, na Mama naye nampa shikamoo yake. Bwana Yesu asifiwe. Huku baridi imeshaanza kuuma na saa kumi na moja jioni giza limeingia, lakini mimi ni mzima na kazi inaendelea. Najua atakayekusomea barua hii ni mdogo wetu wa mwisho, kwa sababu ya macho yako. Mdogo wangu, soma yote. Usiruke pale ninapojisema vibaya.

Baba, ule ujumbe wako wa sauti wa mwezi wa tisa nimeusikiliza tena jana. Ni sekunde 41 tu. Nyuma yako jogoo anawika na Mama anafukuza mbuzi. Ulisema: "Mwanangu, uliyoyasema ni ya kweli. Lakini umemvua nguo ndugu yako mbele ya watu. Rudi ukamfunike." Basi, ukanyamaza.

Sikukujibu. Leo nataka kukueleza kwa nini.

Unajua lilivyoanza. Nilituma fedha za mabati ya jiko la Mama, kaka yangu huyo anayenifuata akazitia kwenye injini ya bodaboda yake, mvua ikaja, Mama akapikia chini ya turubai. Nilipoambiwa, damu ilinipanda. Sikumpigia. Niliingia kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, lenye watu 27, wakwe wamo, watoto wake wakubwa wamo, nikaweka picha ya risiti na maneno ambayo sitayarudia hapa. Wengine waliweka vidole gumba. Yeye alijitoa kundini usiku uleule, na mimi nikalala usingizi mzuri nikijiambia kwamba msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Nilikuwa hata na andiko. Je, Paulo hakushindana na Kefa, yaani Petro, uso kwa uso kule Antiokia, tena mbele ya wote?

Kisha ukaja ujumbe wako. Na mwezi ule, Baba, sikutuma kitu. Mama aliponipigia nilimwambia mtandao wa kutuma fedha unasumbua. Mtandao haukuwa na tatizo lolote. Fedha zilikuwepo kwenye akaunti, nami nilikuwa nawaadhibu kwa sababu baba yangu amenionya. Nisameheni. Mama, nisamehe wewe hasa, kwa kuwa wewe ndiye niliyekudanganya kwa mdomo wangu.

Lakini kuna jambo lililoniumiza zaidi ya uongo ule. Wiki iliyofuata mlianza kunibembeleza. Mdogo wangu unayesoma hapa, uliniandikia: "Dada usikasirike, Baba amezeeka tu." Shangazi akanitumia salamu ndefu za baraka. Hakuna aliyetaja tena habari ya kaka yangu. Nikaona wazi kilichotokea: mkono mtupu haulambwi, na wangu ulikuwa unalambwa. Tangu nilipoanza kulipa ada na dawa, pale nyumbani nimekuwa mtu asiyeambiwa kosa lake. Nimekaa huku miaka sita, na katika miaka hiyo sita aliyethubutu ni wewe peke yako, na mimi nikakufungia mlango.

Nabii Nathani alipomwendea mfalme Daudi, alikuwa anamwendea mtu ambaye muda mfupi nyuma alimwua askari wake Uria kwa barua. Angeweza kumwua na nabii. Zamani niliposoma habari ile nilimwangalia Daudi na dhambi yake; siku hizi namwangalia Nathani akiwa njiani kwenda ikulu, akipanga lile neno la mwana-kondoo wa maskini, na ninakuona wewe na simu yako umeishika mbali na uso kama ilivyo kawaida yako.

Hapa kazini msimamizi wangu hunisahihisha kila siku. Hasalimii, haulizi umeamkaje. Anaingia chumbani kwa mzee ninayemhudumia, anatazama shuka, anasema hii imekunjwa vibaya, fanya upya. Nami nafanya upya na kusema asante. Mwaka wa kwanza nililia chooni, sasa nimezoea, na kusema kweli amenifundisha kazi. Lakini jioni moja nikiwa kwenye tramu nilijiuliza: mtu asiyejua hata jina la kijiji changu ananikosoa juu ya shuka ninapokea, baba yangu ananionya juu ya roho yangu ninakataa. Mbona?

Aliyenifungua ni mama mmoja wa Bukavu tunayesali naye kwenye ushirika wetu wa Kiswahili. Baada ya ibada tulibaki jikoni tunaosha vyombo. Nilimsimulia yote, nikitarajia aseme pole. Alikuwa anakausha kikombe. Akakikausha, akakikausha, kikombe kimeshakuwa kikavu bado anakizungusha ndani ya kitambaa. Halafu akakiweka chini akanishika kifundo cha mkono, mkono wake ungali na maji, akasema: "Dada, ulikuwa na kweli. Lakini ulitafuta kushinda, haukutafuta kumupata ndugu yako."

Nilikwenda nyumbani nikafungua Mathayo 18. "Enenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu, akikusikia, umempata nduguyo." Nimelikariri andiko hili tangu Sunday School na sikuwahi kuona neno lile la mwisho. Na Kefa? Kosa la Kefa lilikuwa hadharani: alikula na watu wa Mataifa, kisha akajitenga nao mbele ya macho yao, hata Barnaba akachukuliwa. Kwa hiyo lilisemwa hadharani. Kosa la kaka yangu lilikuwa kati yangu na yeye na sufuria ya Mama. Watu 27 waliingiaje? Tena yule Petro aliyekemewa, katika waraka wake wa pili, anamwita Paulo "ndugu yetu mpenzi". Mimi kaka yangu ataniitaje?

Baba, usiku ule nilikumbuka jambo ambalo labda hujui kwamba nalijua. Nilikuwa na miaka tisa hivi, msimu wa kahawa. Ulikuwa umemnunulia yule mjane wa bondeni butura, kahawa ingali mbichi mtini, kwa bei ya mtu aliyebanwa na ada. Mzee wa ushirika alikuja na taa ya chemli, peke yake. Mama alimletea kahawa za kutafuna, akazikataa kwa heshima, akaomba mtoke nje. Mlisimama kwenye migomba. Mimi nilitumwa kupeleka maji ya kunawa nikawakuta, nikajificha nyuma ya mgomba. Sikusikia aliyosema, alisema chini sana. Niliona tu umeinamisha kichwa kwa muda mrefu, halafu nikakusikia: "Asante, ndugu." Mliporudi ndani mzee alikinga kiganja, akapokea kahawa mbili, akatafuna. Asubuhi ulitoka na lile gunia la kahawa ya maganda begani kuelekea bondeni. Ushirika mzima haukujua. Nisingekuwa na ndoo ile hata mimi nisingejua.

Ninyi mlilelewa hivyo. Uamsho wa kiroho ulipovuka kutoka Rwanda na Uganda miaka ya 1930 ukafika kwetu Buhaya, Babu aliupokea, na tangu hapo nyumbani kwetu "kutembea nuruni" lilikuwa neno la kila siku, kama chumvi. Mimi nilidhani kuweka jambo nuruni maana yake ni kulianika. Taa ya yule mzee ilimulika njia ya watu wawili tu. Na wamisionari waliotuletea Injili Bukoba mwaka 1910 walitumwa kutoka mji huu huu ninaoishi! Nimefika walikotoka wao, na lile mlilotufundisha ninyi nimelisahau huku.

Sasa haya ndiyo ninayoomba. Fedha za mwezi ule nimezituma jana pamoja na za mwezi huu. Zitaendelea kuja hata mkinionya kila juma, na naomba mnionye. Mama, usimzuie Baba kwa kuhofia kwamba nitakasirika. Nitakasirika, najijua, hasira zangu ni za Bibi. Nipeni siku mbili tatu, kisha nipigieni tena.

Kundini nimeandika kwamba nilimkosea kaka yangu kwa kumwaibisha mbele ya watu. Sikuongeza "lakini". Habari ya mabati haijafutika. Alikosa, naye anajua, na nitamwuliza. Ila nitamwuliza yeye, kwa roho ya upole kama Wagalatia 6 inavyosema, nikijiangalia nafsi yangu, mimi niliyemdanganya Mama.

Tatizo ni kwamba hapokei simu yangu. Nimepiga mara nne. Jumamosi natoka kazini mapema, nitapiga kwa simu yako saa kumi na moja jioni ya huko. Naomba umwite. Mwambie ni mimi, usimfiche, asije akaona ametegwa. Akikubali, mpe simu aende nayo kwenye migomba, na spika muizime. Akikataa, usimlazimishe, nitapiga Jumamosi inayofuata.

Wasalimie wote. Mama asikae kwenye moshi.

Binti yako